Editeri ya kuandikia tovuti: ilizaliwa kwenye mashini ya namna gani?



Kuna swali moja yenye inarudi kila wiki katika kundi letu: mtu mwenye anataka kujifunza kutengeneza tovuti aanze na programu gani ya kuandikia kodi? (Kodi ya hapa si ile tunalipa serikali, ni yale maandishi yenye mashini inasoma ili ionyeshe ukurasa.) Majibu yanakuja haraka, na mengi ni ya kuvunja moyo. Chukua VS Code, hakuna ingine. Bila mashini ya giga 8 usipoteze wakati. Ndugu yetu moja, mwenye analisha familia kwa pikipiki, ameuliza kama inafaa aiuzishe ili anunue laptop mpya. Njo maana ninaandika. Kabla pikipiki haijauzwa, tuangalie kwanza hizi programu zimetoka wapi.

Mimi ni mtu wa agronomia. Informatiki nimejifunza kando. Kwetu, mbele ya kuleta mbegu tunauliza ilitengenezwa kwa udongo gani na kwa mvua gani. Mahindi yenye yalizoea kumwagiliwa, ukiyapanda kwenye kilima chenye kinangojea mvua ya Mungu, yatakuonyesha majani mazuri kisha yakuache na njaa. Programu za kuandikia kodi, zenye siye tunaita editeri, ni vile vile. Kila moja inabeba alama ya mashini yenye ilizaliwa juu yake, na mashini zile hazikuwa sawa hata kidogo.

Tukubaliane kwanza juu ya jambo moja. Ukurasa wa tovuti ni maandishi matupu. HTML inasema hiki ni kichwa, hii ni aya, hii ni picha. CSS inavalisha rangi na vipimo. JavaScript inafanya ukurasa utende kazi, kwa mfano kuhesabu bei ya magunia matano mtu akibonyeza. Zote tatu ni herufi tu. Basi programu yoyote yenye inaweza kuhifadhi herufi tupu inatosha kuanza. Word haitoshi, juu inaficha mambo yake mengi ndani ya faili, tena inapinda alama za kunukuu, na JavaScript inakataa zile zilizopinda.

Sasa historia. Mwaka 1969, ndani ya Bell Labs huko Marekani, Ken Thompson aliandika editeri yenye jina fupi kabisa: ed. Watu wengi wa wakati ule hawakuwa na ekrani. Walikuwa na mashini ya kupiga chapa, na jibu lilitoka kwenye karatasi. Kuona mstari mmoja ilikuwa kutumia wino na karatasi, kwa hiyo ed haikuonyesha kitu mpaka uiombe. Ukikosea, ilikujibu kwa alama moja tu, alama ya kuuliza. Ni sawa yule fundi mwenye haongei, lakini kazi inatoka.

Mwalimu moja wa Queen Mary College ya London, George Coulouris, aliona ed ni ngumu sana kwa watu wa kawaida. Akatengeneza ya kwake, em, yenye ilitumia ekrani. Mwaka 1976 alikuwa mgeni kwenye chuo kikuu cha Berkeley, California, na mwanafunzi moja wa pale, Bill Joy, akaiona. Joy na mwenzake Chuck Haley wakaanza kutengeneza ya kwao, ikaitwa ex. Ile sehemu yake ya kuonyesha ukurasa mzima kwenye ekrani ikaitwa vi.

Hapa nataka nikawie kidogo, juu ni hapa watu wengi wanaanza kucheka. Ukifungua vi kwa mara ya kwanza, unabonyeza herufi na haiandiki. Lazima ubonyeze i mbele ya kuandika, Esc ukimaliza, dd kufuta mstari, cw kubadilisha neno. Kijana anasema: nani alitengeneza kitu kama hiki? Alikitengeneza mtu mwenye alikuwa na laini mbaya. Joy alifanya kazi kwa terminali ya ADM-3A, akiunganishwa na mashini ya chuo kwa njia ya simu, na modemu ile ilipitisha biti 300 kwa sekunde, maana yake karibu herufi 30. Ekrani yenye mistari 24, kila mstari herufi 80, ni herufi 1,920. Gawanya mwenyewe. Kuchora ekrani moja nzima ilikuwa sekunde 64! Dakika moja na zaidi unangojea ukurasa ujichore, na ukikosea unangojea tena. Siye wenye tunahesabu mega kila siku tunamuelewa vizuri. Kwa hali kama ile, amri lazima ikuwe herufi moja ao mbili, na ekrani ichorwe paka pale imebadilika. Joy mwenyewe alieleza baadaye kwamba zile amri za ajabu zilitoka kwa ile modemu, na kwamba watu wa MIT, wenye terminali zao zilifungwa moja kwa moja kwenye mashini kubwa, hawakuwa na shida ile.

Hata zile herufi h, j, k, l, zenye vi inatumia kwa kwenda kushoto, chini, juu na kuume, watu wanazitafutia filozofia. Hakuna filozofia. Klavye ya ADM-3A ilikuwa na mishale imechorwa juu ya herufi hizo nne, kwisha. Na Esc ilikuwa pale Tab iko leo, karibu na kidole, haikuwa mbali kwenye pembe sawa sasa.

Watu wa MIT nao walikuwa na yao, Emacs, yenye Richard Stallman na Guy Steele walianzisha mwaka 1976. Mwaka 1985 Stallman akatoa GNU Emacs, yenye mtu anaweza kuipanua mpaka isome barua, ihesabu, ifanye karibu kila kitu. Mashini za wakati ule zilipata taabu nayo. Wacheshi wakasema herufi za jina lake zinamaanisha "megabaiti nane na inahangaika bila kupumzika". Megabaiti nane! Picha moja ya ndoa yenye mnatumiana kwenye simu inaweza kufika pale. Lakini mzaha wenyewe si mpya: kila kizazi kina programu yake yenye inaitwa nzito, na kila kizazi kuna mtu mwenye anaambiwa mashini yako haifai.

Vi yenyewe ilijengwa juu ya kodi ya AT&T, basi haikuweza kutembea bila ruhusa. Watu wakaandika zenye kufanana nayo. Moja ya hizo ilitoka Uholanzi. Bram Moolenaar alikuwa na mashini ya Amiga, alitaka vi, hakupata nzuri, akachukua iliyokuwepo akaanza kuitengeneza. Aliitoa kwa watu mwaka 1991, na leo inaitwa Vim. Ukiifungua bila faili, chini ya jina lake unasoma maneno machache ya kuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Wengi wanafikiri ni virusi ao tangazo. Si hivyo. Mwaka 1994 Moolenaar alikaa karibu mwaka mzima Kibaale, kusini mwa Uganda upande wa Rakai, si mbali na mpaka wa Tanzania, akijitolea kwa kazi ya maji na usafi kwenye kituo cha watoto. Eneo lile lilikuwa limepigwa sana na ukimwi, na watoto wengi walibaki yatima. Akarudi kwao, na tangu pale Vim ikawa ya bure kwa kila mtu, lakini mwenye anaipenda anaombwa kuchangia wale watoto. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Mimi ninaona ni jambo la pekee kwamba chombo chenye kinatumika kwenye serveri za dunia nzima kinataja, mara nyingi kinapofunguliwa bila faili, watoto wa nchi yenye mtu wa Bukavu ao Goma anaweza kufika kwa basi.

Neno moja pembeni kwa wenye klavye ya Kifaransa, maana kwetu laptop nyingi za okazyo zinakuja na AZERTY. Alama zenye kodi inapenda sana, yaani mabano ya mviringo wa nyoka na yale ya pembe, kwenye AZERTY zinadai ushike AltGr pamoja na tarakimu ao alama nyingine. Vidole vinachoka. Lakini h, j, k, l ziko palepale, na ile nukta mbili yenye Vim inatumia kila mara inapatikana kwa kidole kimoja, wakati mtu wa QWERTY lazima ashike Shift. Mara moja moja AZERTY inashinda.

Turudi kwa tovuti yenyewe, juu mpaka hapa haijazaliwa. Mwisho wa mwaka 1990, kwenye CERN, huko Uswisi, Tim Berners-Lee alimaliza programu ya kwanza ya kusoma kurasa, iliyoitwa WorldWideWeb. Wengi hawajui kwamba programu ile ilikuwa pia editeri. Unasoma ukurasa, unaweka kidole mahali, unaandika, unahifadhi. Kwa mawazo yake, msomaji na mwandishi ni mtu mmoja. Shida ni kwamba ilifanya kazi paka kwenye mashini za NeXT, zenye bei yake haikuwa ya kila mtu. Mwaka 1993 ikatoka Mosaic, ya Marc Andreessen na Eric Bina kwenye chuo kikuu cha Illinois, nzuri, yenye picha, ikaenea kwenye Windows na Macintosh. Lakini Mosaic ilikuwa ya kusoma tu. Kuanzia pale, mwenye anataka kuandika alilazimika kutafuta chombo kingine, na swali lenye tunabishana leo njo lilizaliwa.

Wengi walikimbilia Notepad, ile ndogo yenye inakuja na Windows tangu 1985. Ulikuwa unaangalia kodi ya ukurasa wa mwingine, unanakili, unabadilisha, unaona nini inatokea. Kizazi kizima kilijifunza hivyo, na sioni aibu ndani yake. Ila Notepad za zamani zilikuwa na tabia moja mbaya: ukihifadhi kwa UTF-8, inaongeza alama isiyoonekana mwanzoni mwa faili, na ukurasa wa PHP unaanza kulalamika wakati wewe huoni kosa lolote. Microsoft waliibadilisha mwaka 2019. Kama mashini yako ni ya mbele ya pale, ujue.

Kisha ikafika biashara ya kuwaambia watu wasiguse kodi kabisa. Januari 1996 Microsoft walinunua Vermeer, kampuni ndogo ya Massachusetts yenye ilitengeneza FrontPage. Ulikuwa unapanga ukurasa sawa Word, programu inakuandikia HTML. Lakini mambo yake mengi, kama fomu na vihesabio, yalidai serveri iwekewe vipande vya pekee vya FrontPage. Ukihamia serveri isiyo navyo, vinakufa. Mwaka 2006 FrontPage yenyewe ikasimamishwa. Desemba 1997 Macromedia walitoa Dreamweaver, yenye ilikuwa na heshima zaidi: ilijisifu kwamba kodi yenye umeandika kwa mkono haitaivuruga. Ilikuwa kazi nzuri, siwezi kuisema vibaya. Adobe wakanunua Macromedia mwaka 2005, na mwaka 2013 wakatangaza kwamba programu zao mpya hazitauzwa tena mara moja ukazimiliki: unalipa kila mwezi, kwa karte ya benki. Mkulima anajua hii hadithi. Ni tofauti kati ya maharagwe yenye unachagua mbegu yake kwenye mavuno yako, na mahindi ya ibridi yenye lazima urudi dukani kila msimu. Ibridi si mbaya, inazaa sana, nimeishauri mimi mwenyewe mahali inafaa. Lakini usimshauri mtu mwenye hana franka za msimu ujao.

Nitapita haraka juu ya zile kubwa, zenye Wafaransa wanaita IDE kama Waingereza. NetBeans ilianza 1996 kama kazi ya wanafunzi wa Prague. Eclipse ilitoka IBM mwaka 2001. Ni karakana nzima: editeri, kipimaji, kila kitu ndani. Zilijengwa zaidi kwa Java ya makampuni. Kwa ukurasa wa chama chetu ni sawa kuleta trakta kwenye bustani ya mboga.

Novemba 2003 ikatoka Notepad++, ya Don Ho. Kazini alikuwa anatumia editeri ya Java, ilikuwa inatembea polepole, akachoka, akaandika nyingine kwa C++. Anasema wazi kwamba programu yenye inatumia nguvu kidogo ya mashini inapunguza pia moshi kwenye anga. Kama mtu wa mazingira ningeweza kubisha juu ya ukubwa wa hesabu ile, lakini matokeo ninayapenda: faili ya kuiweka ni chini ya mega 10, inafunguka mbele hujakaa vizuri, na iko ya bure. Iko paka kwa Windows.

Baadaye hatua mbili zilibadilisha mambo. Mwaka 2008 Jon Skinner, wa Australia, alitoa Sublime Text, nyepesi na nzuri, yenye inakuomba kwa adabu uinunue lakini haikufungii mlango. Kisha 2014 GitHub wakatoa Atom. Ili kuijenga walichukua Chromium, ile injini ya kivinjari cha Chrome, wakaweka editeri ndani yake. Msingi ule leo unaitwa Electron. Ndani ya Atom, basi, mlikuwa na kivinjari kizima kinatembea kila mara mnapofungua faili ya mistari kumi. Sasa mnaelewa memwari ya laptop yenu inaenda wapi! Mwaka 2015 Microsoft walitumia msingi uleule kutoa VS Code, wakaifanya vizuri kuliko Atom, bure, na watu wakahamia kwa makundi: katika uchunguzi wa Stack Overflow wa 2021 zaidi ya watu 70 kwa 100 walisema wanaitumia. Microsoft wakanunua GitHub mwaka 2018, na Desemba 2022 Atom ikafungwa. Adobe nao walikuwa wameacha Brackets yao mwaka 2021. Wenye walijifunza "Atom" peke yake walianza upya. Wenye walijifunza HTML walibeba faili zao wakaenda.

Sasa swali la pikipiki. Laptop ya giga 2, ile yenye watu wanasema ni ya kutupa, iko na memwari zaidi ya mara 30,000 ya kilobaiti 64, na kwa makumi ya kilobaiti namna ile njo programu zilihesabiwa nafasi kwenye PDP-11 za wakati wa Joy. Haiuzi pikipiki mtu mwenye anaanza. Microsoft wenyewe wanaandika kwamba VS Code inaomba giga 1 ya memwari. Ni kweli inafunguka, lakini ongeza vipanuzi vichache na kivinjari kando yake, giga 2 inaanza kulia. Tena, kama laptop yako ingali na Windows 7, VS Code ya mwisho yenye inaikubali ni 1.70.3, na kwa Windows ya biti 32 walisimamia 1.83 mwaka 2023. Usipoteze mega zako kushusha mpya, haitaingia. Mahali pale Notepad++ inatosha kwa mwaka mzima wa masomo, na mwenye mashini ya giga 8 achukue VS Code bila kuona haya, ni chombo kizuri sana. Yale maelekezo yake ya kusahihisha kodi unapoandika, tangu 2016 njia yake iliwekwa wazi, hata Vim na Emacs zinaweza kuyatumia.

Angalia pia umeme. Kwetu unakatika bila kusema kwaheri. Notepad++ inaweka nakala ya kazi yako kila sekunde 7 bila kukuuliza. Vim inaandika faili ya akiba pembeni, na ukiwasha tena inakuuliza kama unataka kurudishiwa. VS Code nayo inakumbuka yenye hukuhifadhi. Word ya kompyuta ya mjomba, sijui.

Na wenye hawana laptop kabisa, wenye ni wengi katika kundi hili hata kama hawasemi: kuna Acode, editeri ya bure ya Android, na kuna Termux, yenye inakuruhusu kuweka Vim ndani ya simu. Klavye ya simu haina mishale wala Esc. Termux inaongeza Esc kwenye mstari mdogo juu ya herufi, na kwa kutembea ndani ya faili unatumia h, j, k, l, kama kwenye ile ADM-3A ya 1976.